Anayeitika Mara ya Kwanza

Saa saba na kitu usiku ukuta wa mabati uligongwa mara mbili, ko, ko, na Kathini bila kufungua macho akasema moyoni, ni Nafuna huyo, akavuta blanketi. Alikuwa karibu kuzama kabisa usingizini alipokumbuka kwamba Nafuna alihama Jumamosi. Alihama mchana, mkokoteni ukabeba kitanda na meko na karai la mandazi, Kathini mwenyewe akabeba godoro la mtoto mpaka barabarani, halafu Khaemba, keateka anayesimamia ploti, akafunga nyumba namba saba kwa kufuli. Hakuna mtu aliyeingia tangu siku hiyo.

Akafungua macho. Mulwa, mume wake, alikuwa anakoroma upande wa nje wa kitanda. Muia, mtoto wao wa miaka mitatu kasoro, hulala katikati. Sasa hakuwa katikati. Alikuwa amepiga magoti kando ya ukuta, sikio kwenye mabati, na alikuwa anacheka kwa sauti ya chini, sauti ambayo Kathini hakuwahi kuisikia, maana Muia hakuwa na sauti ya chini.

"Muia. Unafanya nini?"

Mtoto akaweka kidole mdomoni. "Shhh, mama. Anaongea."

Na hapo ndipo Kathini akakumbuka ya mchana.

Ploti yao mtaani Kongo, Kawangware, Nairobi, ilikuwa na nyumba kumi na mbili, sita zikiangalia sita, na katika zote hakuna aliyekuwa hamjui Muia. Mtoto alikuwa wa kelele. Si kulia tu, hapana, kuita. "Mama ona! Mama ona mimi!" Ukikosa kuangalia anaita tena, ukisema ngoja anaita kwa nguvu zaidi, sauti inapanda mpaka shingo inatoka mishipa, mwishowe anajitupa chini na kupiga mabati kwa visigino mpaka sufuria za jirani zinacheza. Na Kathini alikuwa msusi, alisukia nyumbani, mteja ameketi kwa mkeka katikati ya magoti yake, vidole vyote kumi viko ndani ya nywele za mtu, sasa ataona na macho gani? Alisema ngoja. Alisema nitaona. Alisema nyamaza, halafu nitakuchapa, halafu anachapa kweli, na mtoto analia mara mbili ya vile alivyokuwa analia.

Khaemba alikuwa ameshakuja. Alisimama mlangoni na kofia mkononi kama mtu aliyeleta habari za msiba.

"Mama Muia, mimi sina ubaya na mtoto. Lakini hawa masoja wa kulinda usiku wanalala mchana. Wameniambia mara tatu sasa. Mwenye ploti akisikia, mtatafuta kwingine."

Dawa ilitoka kwa Nafuna wa namba saba. "Wewe ukishindwa, gonga mara mbili," alisema. Basi Kathini akishindwa anagonga mabati, ko, ko, na Nafuna huko kwake anaweka mdomo kwenye mtungi mtupu anaunguruma, "NANI ANALIA HAPO? NIMEKUJA NA GUNIA!" Muia anaganda. Anaingia chini ya kitanda, anakaa huko kimya, macho tu yanaonekana. Jioni wanawake hao wawili wakikutana kwenye mfereji wa maji wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Sasa siku hiyo ya Jumanne, mchana, Kathini alikuwa na mteja wa harusi, amefika nusu ya kichwa, beseni la maji moto ya kuchovya ncha za nywele liko kando. Muia alikuwa ametengeneza gari: kijiti na vifuniko viwili vya soda. "Mama ona gari yangu. Mama ona. Mama ona gari. Mama! Ona!" Aliita mara ngapi, hata yeye hakuhesabu. Mwishowe mtoto akapiga beseni teke na maji yakamwagika mpaka ukingoni mwa mkeka, yakabaki kidogo tu yafike miguu ya mteja, na kitu ndani ya Kathini kikakatika. Alichukua mpini wa chanuo akagonga ukuta mara mbili. Hakufikiri. Mkono ulikuwa umezoea.

Ukuta ukasema, "Nipe."

Haikuwa sauti ya mtungi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, ya mtu anayembembeleza mtoto mchanga.

"Chukua!" Kathini akapiga kelele. "Chukua kabisa! Mimi nimechoka naye!"

"Umenipa?"

"Nimekupa!"

Mteja akacheka. "Uko na jirani mzuri wewe." Na Muia akanyamaza. Hakukimbilia chini ya kitanda. Alisimama tu katikati ya nyumba na gari lake mkononi, akiangalia ukuta, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama mtu aliyeitwa jina.

Lililomuuma Kathini baadaye kuliko yote ni kwamba siku zilizofuata alifurahi. Aliogopa usiku ule, ndiyo, alimvuta Muia akamlaza kifuani akasali mpaka kukapambazuka, lakini asubuhi jua lilitoka na mtoto akanywa uji bila kumwaga na bila kuita, na Kathini akajiambia ilikuwa ndoto na uchovu. Siku hiyo alisuka vichwa vitatu. Vitatu! Khaemba alipita akampa Muia peremende, akasema sasa huyu ni mtoto. Mulwa alirudi kutoka kibandani kwake anakochomelea milango na madirisha, masikio yakiwa bado yanalia kwa kelele za chuma, akaketi, akasikiliza, akatabasamu.

"Si nilikwambia atakua tu?"

Lakini Muia alikuwa anakula akiangalia ukuta. Alikuwa ananyanyua gari lake kulionyesha ukuta, anangoja kidogo, anaitikia kwa kichwa, anaendelea kucheza. Hakumwita mama yake hata mara moja, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Na nyumba ikaanza kunuka maziwa yaliyoungua. Kathini alisugua sufuria zote kwa majivu, akatoa mkeka nje, akaosha sakafu. Harufu ilikuwa inatoka kwenye mabati.

Jumamosi mtoto alikanyaga kipande cha bati Mulwa alichokuwa amekuja nacho. Kathini aliona damu kwanza. Muia alikuwa ameketi chini ameshika mguu, mdomo wazi, wazi kabisa, meno yote yanaonekana, mishipa imesimama shingoni, machozi yanatiririka, analia kama watoto wote wanavyolia, na hakuna sauti. Hata pumzi haikusikika. Kathini alikuwa anamkimbilia na kitambaa aliposikia, safi kabisa, kutoka namba saba:

"Mama! Mama nimeumia! Mama ona!"

Sauti ya mwanawe. Na baada yake, ile nyingine, laini:

"Naona, mwanangu. Niko hapa. Pole."

Muia akafunga mdomo. Uso wake ukatulia vile uso wa mtoto hutulia akibebwa.

Khaemba alifungua kufuli huku akinung'unika. Namba saba ilikuwa tupu, vumbi, msumari mmoja uliokuwa unaning'iniza kalenda ya Nafuna. Lakini ule upande wa ukuta wao, kimo cha mdomo wa mtoto wa miaka mitatu, bati lilikuwa na unyevu, duara dogo, kama mtu amekuwa akipumulia hapo. Kathini aliliangalia duara hilo likikauka, halafu likalowa tena.

"Ni baridi tu hiyo," Khaemba alisema, lakini alitoka kwanza yeye.

Zahanati walimmulika Muia kooni kwa tochi wakasema koo ni zima. Mulwa aliweka sikio ukutani usiku kucha, hakusikia kitu, akasema, "Kathini, wewe unahitaji kulala." Sasa aende kwa nani? Alimfunga Muia mgongoni, mtoto mzito wa miaka mitatu aliyekaa kimya kama gunia la unga, akaenda Kibera, Soweto West, alikohamia Nafuna, akamwambia yote, kwa pupa, maneno yakigongana, kuanzia mpini wa chanuo mpaka duara la unyevu.

Nafuna alisikiliza akikanda unga, na Rachael wake wa mwaka mmoja na nusu alikuwa mgongoni, anapiga mayowe, anamvuta sikio, anataka andazi, akipewa analitupa, anataka lingine.

"Wele wangu!" Nafuna alimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Na ati alinyamaza? Kabisa?"

"Kabisa."

"Hata usiku?"

"Nafuna, sikia nakwambia nini! Amechukuliwa!"

"Nimesikia, Mama Muia. Pole. Pole sana." Akafuta mikono. "Twende Makina, hapa hapa Kibera. Kuna nyanya mmoja wa Kinubi huko, mwenyewe nilimpelekea huyu akikataa kunyonya."

Walimwita Habuba, vile Wanubi wanavyomwita nyanya. Nyuma ya msikiti, nyumba ya zamani ya udongo na sakafu safi kuliko meza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anafuma kawa la rangi nyingi la kufunikia chakula, na hakuacha kufuma walipoingia. Alimwambia Nafuna akae nje na mtoto wake wa kelele. Halafu akamwangalia Muia muda mrefu.

"Huyu akikuita, unamwitikia mara ya ngapi?"

Kathini alidhani hakusikia vizuri. "Ati nini, Habuba?"

"Mtoto anaita, mama. Mara ya kwanza, unaitika? Ya pili?"

Kathini alitaka kusema ya pili. Ulimi ukakataa. "Ya tano. Ya sita. Wakati mwingine... nikimaliza kichwa."

"Huyo wa ukutani anaitika mara ya kwanza." Sindano ikaingia, ikatoka. "Usilie. Sikukutukana. Nimelea tisa, hakuna mama anaitika kila mara. Lakini wewe ulibisha hodi nyumba tupu, na nyumba tupu haikai tupu. Ukaulizwa, nipe? Ukasema chukua. Ukaulizwa tena. Ukasema nimekupa. Sasa hata mimi nikimsomea Qur'an nzima, nitamwambia arudishe kitu alichopewa na mwenyewe?"

"Nifanye nini?"

"Zile sauti zote ulizoacha zipite, hakuzitupa. Ameziweka. Utaingia kwake jua likizama, peke yako, mtoto abaki na baba yake upande wa pili. Zitakuja. Kila moja utaiitikia wewe kabla yake. Usipige kelele, yeye hapigi kelele. Jishushe chini, kimo cha mtoto. Mwambie unaona nini. Na akikwambia umechoka..." Hapa Habuba aliacha kufuma. "Atakwambia umechoka. Na itakuwa kweli. Usimpe."

Kathini alikuwa ameshafika mlangoni Habuba alipomshika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu za ajabu.

"Na usimwambie mama mwingine kwamba ukuta huitika. Hakuna mama ambaye hajachoka. Siku yake ikifika, atagonga ajaribu."

"Huyo wa nje anajua."

"Basi mwapishe anyamaze. Leo."

Kathini alisema sawa. Alikuwa anaangalia jua.

Khaemba alimpa ufunguo bila kuuliza kitu. Mulwa alimbeba Muia, akasimama kwenye mlango wao akimwangalia mke wake kama mtu anayemwona akipanda gari la wagonjwa. "Ukiniita nakuja," alisema. "Nikikuita usije," Kathini akajibu, kwa sababu alikuwa ameshaanza kuelewa kwamba anayeita hapo huenda asiwe yeye.

Aliketi sakafuni namba saba, mgongo kwa mlango, magoti yamekunjwa, mdomo sawa na lile duara. Giza likaingia. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikapanda kidogo kidogo kama mtu amewasha jiko. Halafu, karibu na sikio lake:

"Mama ona paka."

"Naona, Muia," akasema haraka. "Naona paka. Ni mweupe."

Halafu ikaja nyingine, na nyingine. Mama ona kidole. Mama viatu imekataa. Mama njoo. Kathini aliitika zote, anaona kidole, anafunga viatu, anakuja, na mwanzoni alikuwa anaweza, alikuwa hata anatabasamu gizani kwa sababu alikuwa amesahau ile ya paka, ilikuwa ya mwaka uliopita, na hapo akaelewa idadi yake, kwamba ni za mwaka mzima, za miaka miwili, tangu siku mtoto alipojua kusema mama, na zikaanza kuja haraka, hii haijaisha nyingine imeingia, mama ona mvua mama ona baba mama nimeanguka mama naogopa mama mama, na nyuma ya kila moja alisikia yule mwingine akivuta pumzi ya kuitika, pumzi ndefu tulivu, na ikabidi Kathini aitike kabla ya pumzi hiyo kugeuka neno, bila kufikiri, bila kumeza mate, naona mvua mwanangu naona baba niko hapa umeanguka umeumia wapi niko hapa unaogopa hata mimi naogopa niko hapa, na mara moja akachelewa, mara moja tu, mate yalimpalia, na yule akaitika, "Niko hapa, mwanangu," kwa sauti ya Kathini mwenyewe, sawasawa, hata ile mikwaruzo ya koo, na kutoka upande wa pili wa mabati akasikia mkono mdogo ukigonga kwa furaha, ko, ko.

"Muia!" akalia. "Si mimi huyo!"

Hapo alipandisha sauti, na alipopandisha tu, kila kitu kikanyamaza. Akajua amekosea. Akajishusha, akalaza shavu sakafuni kwenye vumbi, akanong'ona, "Niko hapa. Niko chini hapa. Sijakasirika."

Na zikaanza tena.

Hakujua ilikuwa saa ngapi ilipokuja ya mwisho. Koo lilikuwa limekauka, mwili hauna nguvu hata ya kutetemeka. Ilikuja polepole, peke yake.

"Mama ona gari yangu."

Kathini akafungua mdomo, na yule akasema kabla yake, kwa upole ambao hakuna mtu aliwahi kumwonyesha, si mama yake, si Mulwa:

"Umechoka, Mama Muia."

Ilikuwa kweli. Machozi yakamtoka kwa vile ilivyokuwa kweli.

"Wewe lala. Mimi sichoki. Akiita mara elfu, nitaitika mara elfu. Wewe utaweza? Kesho utaweza? Nipe tu. Hutasikia tena kelele."

Na Kathini, hilo hakulisimulia hata kwa Mulwa, alikaa kimya. Alikaa kimya muda ambao mtu anaweza kupumua mara tatu. Mara nne. Alikuwa anafikiria kulala.

"Mama," sauti ikarudia, ndogo zaidi, kama mtu anayejua jibu, "ona gari yangu."

"Ina magurudumu mawili," Kathini akasema. "Ni vifuniko vya soda. Kimoja chekundu, kimoja kijani. Umetengeneza mwenyewe. Sikuangalia, Muia, lakini niliona. Simpi mtu. Sitoi."

Bati likapiga mlio mmoja mrefu kama mtu ameliburuzia msumari kutoka juu mpaka chini, kalenda isiyokuwepo ikapepea kwenye msumari wake, na kutoka nyumba ya pili, kwa nguvu zote za kifua cha mtoto wa miaka mitatu, ploti nzima ikasikia:

"MAMAAAA!"

"Nyamazisha huyo mtoto, wee!" soja mmoja wa namba tatu akapiga kelele, kwani alikuwa likizo usiku huo. Mlango ukafunguliwa. Mbwa wakabweka mpaka barabarani. Kathini alitoka kwa magoti, akacheka, akalia, na adhana ilikuwa inaanza mahali mbali alipomkuta Muia mikononi mwa Mulwa, uso umelowa machozi, anarusha miguu, anaita, anaita, anaita.

"Niko hapa," alisema. Mara ya kwanza.

Wiki tatu baada ya hapo hakuwa anaweza hata kwenda chooni bila kuitika. Alipunguza wateja. Alisuka akiongea na Muia, naona, naona, subiri nimalize mstari huu halafu nionyeshe, na akisema halafu ilibidi iwe halafu kweli. Ajabu ni kwamba kelele zilipungua zenyewe. Khaemba hakurudi kulalamika. Lakini mara nyingine, alipochelewa kidogo tu, alisikia pumzi ikivutwa nyuma ya mabati, akaitika haraka kama mtu anayekamata glasi inayoanguka.

Furaha ilimsahaulisha Nafuna, na kile kiapo ambacho hakuwahi kumwapisha. Alimkumbuka siku alipopata nafasi ya kwenda kumshukuru, akambeba Muia na kilo moja ya sukari, wakafika Soweto West saa kumi jioni.

Aliona kabla ya kujua ameona nini. Saa kumi, watoto wametoka shule ya chekechea, wanawake wameweka mafuta jikoni, laini nzima ya nyumba ishirini na kitu, milango wazi. Redio ilikuwa inaongea mahali. Maji yalikuwa yanatiririka mtaroni. Hakuna mtoto aliyekuwa analia. Hakuna aliyekuwa anaita. Hata mmoja.

Muia alikaza mikono shingoni mwake. "Mama," akanong'ona, yeye asiyekuwa na sauti ya chini.

"Niko hapa."

"Wako wengi."

Nafuna alikuwa mlangoni anakaanga mandazi, uso umenawiri, macho ya mtu aliyelala usiku saba mfululizo. "Mama Muia! Karibu, karibu! Mtoto amerudi kweli, ona mashavu!" Nyuma yake, sakafuni, Rachael alikuwa ameketi ameupa mlango mgongo, ananyanyua andazi kuuonyesha ukuta. Anangoja. Anaitikia kwa kichwa. Mafuta ya mandazi yalikuwa yananukia vizuri, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na maziwa yaliyoungua.

Sukari ilianguka.

"Nafuna. Umefanya nini?"

"Siku moja tu." Nafuna hakumwangalia. "Alilia siku mbili, Kathini, meno, sijui nini, unga ukaniharibikia wote. Nikasema nijaribu siku moja tu nilale. Si wewe ulimrudisha Muia? Si dawa iko? Nikasema hata akichukuliwa, ninajua pa kumpata."

"Umerudi kwa Habuba?"

"Nitaenda. Kesho. Nilikuwa nataka tu kulala kidogo kwanza."

Kathini akamgeukia, akamshika mabega, akasogea karibu mpaka paji la uso likagusa paji la uso, akauliza polepole, kwa sababu hakutaka kusikia na ilibidi asikie, "Hapa kwa laini. Umeambia nani?"

"Sijaambia mtu."

Nyumba ya kushoto ukuta ukagongwa mara mbili. Ko, ko. Punde, nyumba ya baada yake. Halafu ng'ambo ya mtaro. Ko, ko. Ko, ko. Ikaenda ikishuka na laini, nyumba kwa nyumba, ikipungua sauti kuelekea relini, na katika milango yote iliyo wazi wanawake walikuwa wanafua, wanachambua mboga, wanapumzika, nyuso zao zimetulia, migongo midogo ya watoto wao ikiwa imeelekezwa nje.

"Mama Osewe wa hapo kushoto aliniuliza tu huyu wangu amenyamaza aje," Nafuna akasema. "Alikuwa amechoka sana, Kathini. Nilimwonea huruma. Nikamwambia yeye peke yake. Sijui yeye alimwambia nani." Akaangalia nyuma, kwa mara ya kwanza, mgongo wa binti yake. "Rachael? Rachael, mama yuko hapa. Rachael?"

Ukuta ukaitika, kwa sauti ya Rachael.

Nafuna akaweka mikono yote miwili mdomoni, na kupitia vidole vyenye unga akaapa, akaapa kwa Mungu na kwa kaburi la mama yake, tena na tena, kana kwamba kulikuwa na mtu aliyebaki wa kuambiwa:

"Sitamwambia mtu mwingine. Sitamwambia mtu mwingine."